Nandi Flame: Mti wa Uwanjani, Si wa Barazani

Wenzangu wa vitalu, walimu wakuu, wasimamizi wa hoteli na makanisa, na ninyi mnaotunza miti ya mitaa yetu ya Kisumu, hamjambo.

Mmeniomba niseme juu ya mti wa asili wa msitu wa mvua unaofaa kupamba viwanja. Huku magharibi tuna mingi: siala, mukumari, musine, mutere, mwanzu. Leo nachukua mmoja tu, Nandi flame, kwa kuwa ndio unaoulizwa zaidi kwenye vitalu na ndio unaopandwa mahali pasipo pake kuliko yote. Nitasema mapema ninalotaka mwende nalo: mpeni mti huu nafasi. Ukiwa uwanjani ni fahari ya mahali pote. Ukiwa umebanwa kati ya nyumba, ukuta na waya za stima, ni shida inayokua kila mwaka.

Sababu iko msituni kwenyewe. Msitu wa Kakamega ndio kipande pekee kilichobaki Kenya cha ule ukanda mkubwa wa misitu ya mvua unaotoka Afrika Magharibi ukipitia Kongo. Ukitembea ndani yake, chini ya miti mikubwa penye giza, hukuti Nandi flame ikikua. Utaikuta pembeni, kando ya mito, kwenye mashamba yaliyoachwa, na pale ambapo mti mkubwa umeanguka na jua likaingia. Ni mti wa kutangulia. Mbegu zake ni nyepesi, zinabebwa na upepo mpaka penye uwazi. Zikishika, mche unakimbilia juu kabla ya wengine. Mti wenye haraka namna hiyo hautumii nguvu zake kutengeneza mbao ngumu. Shina linajaa mbao laini, nyepesi, zenye maji mengi. Baadaye miti ya polepole huupita na kuutia kivuli, nao huwa umekwisha kumwaga mbegu zake kwingine.

Sifa zote tunazozipenda zinatoka hapo: unakua haraka, unaanza kuchanua ukiwa na miaka mitatu hadi mitano kama udongo na maji ni vizuri, na hauchagui sana udongo. Na kasoro zote zinatoka hapo hapo: matawi yanakatika kwa upepo, kidonda kinaoza ndani, mizizi inasambaa juu juu na kutoa machipukizi, na mche hautaki kivuli hata kidogo. Huwezi kuchukua nusu ya mti ukaacha nusu nyingine.

Kabla hatujafika kwenye shimo, hakikisheni mnachonunua ndicho. Kwenye vitalu vya barabarani miti miwili tofauti inauzwa kwa jina la "flame", na mnunuzi anagundua baada ya miaka minne. Mmoja ni Nandi flame wetu. Mwingine ni ule wa Madagaska wenye taji pana kama mwavuli na maganda marefu meusi yanayoning'inia, ambao wengi huuita flamboyanti. Mche unajitambulisha kwa majani. Jani la Nandi flame lina mgawanyiko mmoja: kikonyo kirefu katikati, na vijani vikubwa vimepangwa wawili wawili kando yake, kimoja kinaweza kupita urefu wa kidole, na kimoja zaidi kimekaa kwenye ncha. La mwenzake limegawanyika mara mbili na vijani vyake ni vidogo sana, ukilitazama kwa mbali unadhani ni jakaranda. Ukiona vijani vidogo vidogo vya namna hiyo, rudisha mche, hata muuzaji akiapa. Cha kushangaza ni kwamba jakaranda, mgeni wa Amerika Kusini, ni wa ukoo mmoja na Nandi flame, pamoja na siala. Flamboyanti, anayeshirikiana jina na wekundu na Nandi flame, ni wa ukoo wa kunde.

Mche mzuri una sentimita 30 hadi 50, shina moja lililonyooka, na mizizi ambayo haijatoboa mfuko. Mche mrefu wa mita moja na nusu ndani ya mfuko mdogo unapendeza machoni, lakini chini mizizi imejizungusha mara tatu. Mizizi hiyo ikibaki hivyo itaendelea kuzunguka hata ardhini, na mti wa mbao laini usioshika ardhi vizuri unalala chini kwenye dhoruba ya kwanza ya maana.

Sasa mahali. Mti uliokomaa kwa kawaida ni mita 10 hadi 20, na penye udongo mzito na maji unaweza kuzidi hapo. Taji lake linafika upana wa mita 8 hadi 12. Kwa hiyo msipime nafasi ya mche, pimeni nafasi ya mti wa mita 15. Kutoka ukuta wa nyumba, mita 10 ni kiasi cha chini kabisa. 15 ni bora. Kutoka kwenye shimo la choo, tangi la maji taka au bomba la udongo, pia 10, kwa maana mizizi inatafuta unyevu na bomba lenye mwanya haliachwi. Chini ya waya za stima usipande kabisa, hata kama waya zinaonekana ziko juu sana leo. Siku wafanyakazi wa stima watakapofika na misumeno hawatakuuliza umbo unalolitaka.

Maegesho ya magari nayo si mahali pake. Wenye hoteli wanapenda kuupanda hapo kwa ajili ya kivuli na rangi, kisha wateja wanakuta maua mazito yaliyolowa maji yamegandamana kwenye vioo, na siku ya upepo tawi limelala juu ya boneti. Njia za kabro ni vivyo hivyo: ua likianguka na kukanyagwa linateleza kama ganda la ndizi, na kwenye kanisa au hospitali wanaotembea hapo ni wazee. Paa likiwa karibu, maua na vipande vya maganda huziba mifereji ndani ya wiki chache.

Basi uupande wapi? Katikati ya uwanja mpana wa shule, upande ambao watoto hawapangi foleni. Kwenye kona ya mbali ya kiwanja, ambapo utaonekana kutoka getini. Kando ya barabara pana yenye hifadhi ya nyasi pande zote. Kwenye mteremko unaoelekea mtoni, ambako mizizi inayosambaa inakuwa faida kwa kushika udongo. Ukipanda zaidi ya mmoja, acha mita 10 kati ya mti na mti, na usiipange kwenye mstari mrefu mmoja. Kundi la miti mitatu au mitano, nyuma yake pakiwa na kijani kizito cha musine au mutere, linaonyesha wekundu wake kuliko safu ya ishirini. Huo ni uamuzi wangu wa macho, mwaweza kuukataa. Ila kuhusu umbali, msikubali mtu awapunguzie.

Nasema hivyo kwa sababu tangu serikali itangaze mwishoni mwa 2022 lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, na hasa baada ya ile sikukuu ya kupanda miti ya tarehe 13 Novemba 2023, kumekuwa na kawaida ya kupanda kila mche uliopo, mita mbili mbili, kandokando ya ukuta wa taasisi, ili hesabu itimie. Kwa gravelia inaweza kupita. Kwa Nandi flame ni kupanga misumeno ya miaka kumi ijayo.

Kupanda kwenyewe si kugumu. Chimba shimo majuma mawili kabla ya mvua ndefu, yaani mwanzoni mwa Machi huku kwetu, sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini. Udongo wa juu weka upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanya ule wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi inachoma mizizi na kuita mchwa. Mvua ikishalowesha ardhi, mwagilia mche kwanza, pasua mfuko kwa wembe kutoka juu hadi chini, uvue wote. Nimekuta miti ya miaka mitatu inayodumaa na ukichimba mfuko bado umeivaa. Kata mizizi iliyojikunja chini ya donge. Weka mche usawa ule ule uliokuwa nao mfukoni; ukizika shina, gome laini linaoza. Shindilia kwa mkono au kisigino taratibu, kisha mimina lita 20.

Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa kuelekea Ahero na uwanda wa Kano, shimo la kawaida linakuwa bakuli la maji wakati wa mvua, na wakati wa kiangazi udongo unapasuka na kukata mizizi michanga. Huko jenga tuta la sentimita 30 hadi 40, pana mita moja na nusu, upande juu yake, na uchimbe mfereji wa kuondoa maji. Nandi flame hupenda unyevu, lakini maji yaliyosimama wiki nzima yanauziba pumzi. Kwa wenzetu wa Nakuru, walioko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari dhidi ya 1,130 zetu hapa, mambo ni kinyume: mvua ni haba na udongo wa majivu ya volkano unapitisha maji upesi. Hapo maji ya lita 20 kwa wiki katika miezi mikavu ya miaka miwili ya kwanza si anasa. Kiangazi kikikaza, mti unaweza kupukutisha majani yote. Kwaruza gome kwa ukucha kabla ya kuung'oa, ukiona kijani, subiri mvua.

Matandazo ya majani makavu, unene wa sentimita 5 hadi 8, yaache mbali na shina kwa upana wa kiganja. Fimbo ya kuegemeza weka mbili, moja kila upande, ufunge kwa ukanda wa mpira wa baiskeli ukiacha nafasi ya shina kuyumba. Shina lisiloyumba haliimariki. Baada ya mwaka mmoja ondoa fimbo zote.

Kuna jambo linaloua miti hii kuliko mchwa na kiangazi, nalo ni kukata kichwa. Mti umefika mita 8, mwenye kiwanja anaogopa, anamwita kijana mwenye panga, juu panakatwa pote pabaki nguzo. Baada ya miezi miwili nguzo imejaa machipukizi na kila mtu anaridhika. Tazameni yanapotokea. Chipukizi jipya halikuzaliwa ndani ya mbao kama tawi la asili; limebandikwa juu juu, chini ya gome. Wakati huohuo mahali palipokatwa ni kidonda pana, mbao zake ni laini, mvua inaingia, kuvu inaingia, na shina linaanza kuoza kutoka juu kwenda chini. Miaka mitano baadaye una matawi mazito yaliyoshikilia ukingo wa shina lenye shimo. Mti uliokatwa kichwa ili usiangukie nyumba ndio hasa utakaoiangukia.

Dawa ni kuuelekeza ukiwa mdogo. Miaka mitatu ya kwanza chagua shina kuu moja, na linaloshindana nalo lipunguze. Pandisha taji kidogo kidogo: kila mwaka ondoa matawi ya chini machache, usizidi robo ya majani yote kwa mara moja, mpaka shina liwe wazi hadi mita 2.5 au 3. Tawi la unene wa kidole gumba hukatwa kwa mkasi na kidonda kinajifunga kabla ya kuoza. Kata Januari au Februari, kukiwa kukavu. Na kumbukeni kwamba ua hutoka kwenye ncha za matawi. Anayeupunguza kila mwaka kuwa duara safi anakata maua yake mwenyewe, kisha anakuja kitaluni kulalamika kwamba aliuziwa mti dume.

Tawi kubwa likibidi kuondoka, lina mikato mitatu. Wa kwanza kwa chini, sentimita 30 kutoka shinani, hadi theluthi ya unene. Wa pili kwa juu, sentimita 5 nje ya ule wa kwanza. Tawi litakatika lenyewe bila kuchuna gome la shina. Wa tatu huondoa kigutu kilichobaki, nje kidogo ya uvimbe ule ulioko mahali tawi linapotokea. Uvimbe huo ndio unaofunga kidonda, usiunyoe. Usipake rangi wala oili chafu. Panga liache nyumbani, tumia msumeno.

Maua yenyewe yanastahili kuangaliwa kwa karibu, maana mengi yanaelezwa na umbo lake. Kichala hukaa ncha ya tawi, matumba ya kahawia yenye manyoya laini, yamepinda kuelekea ndani, yamejaa maji. Watoto wa huku hawahitaji somo: wanavunja ncha, wanabana, maji yanaruka. Matumba ya nje hufunguka kwanza, machache kila siku, ya katikati yakiwa bado yamefumba, na ndiyo maana mti unabaki mwekundu kwa wiki nyingi. Ua lililofunguka ni kikombe cha wima cha sentimita 10 hivi, chekundu chenye ukingo wa njano, kinachoshika nekta pamoja na mvua. Ndege aina ya chozi wanalitembelea tangu alfajiri. Ukiweka benchi, liweke mita 12 au zaidi kutoka shinani. Utawaona vizuri zaidi, na hukai chini ya tawi.

Wafugaji wa nyuki nawaomba tahadhari. Huko Brazili, ambako mti huu ulipelekwa kama pambo, nyuki wadogo wasiodunga wamekutwa wamekufa ndani ya maua yake. Mzinga wako uweke karibu na musine au siala, si katikati ya kundi la Nandi flame.

Kwa wenye vitalu: ganda la mbegu husimama wima, lina sentimita 15 hadi 25, na hupasuka likiwa bado mtini. Livune likiwa limegeuka kahawia kabla halijafunguka, ulianike kivulini juu ya mkeka pasipo upepo. Ndani mna mamia ya mbegu, kila moja imezungukwa na utando mwembamba unaong'aa. Kusanyeni kutoka miti kadhaa iliyo karibu karibu. Mti huu haujichavushi vizuri wenyewe, na ule uliosimama peke yake kiwanjani mara nyingi hauna mbegu za maana. Mbegu hazihitaji kulowekwa wala kukwaruzwa. Tandaza juu ya udongo laini uliochanganywa na mchanga, funika kwa mchanga wa milimita 2 au 3 tu, nyunyiza kwa kopo lenye matundu madogo. Ukizika kwa kina cha kidole, umezika kweli. Miche ikiwa na majani mawili halisi, hamishia mifukoni, iwe kivulini siku 10 hadi 14, kisha itoe juani. Mche wa Nandi flame uliolelewa chini ya neti miezi sita unakuwa mwembamba, na unalala siku unapofika kwa mteja. Anayetaka mbegu zilizochunguzwa aulize KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya. Wana kituo Maseno.

Majani yakitoka vipele na kujikunja, msikimbilie dawa. Ni utitiri, wadogo wasioonekana kwa macho, na mti uliokwisha kushika ardhi unawavumilia. Wenzetu wa visiwa vya Pasifiki wangewapokea kwa furaha. Huko Nandi flame, bila maadui wake wa asili, imevamia mashamba na misitu kiasi cha kuingizwa kwenye orodha ya spishi 100 vamizi mbaya zaidi duniani, na Visiwa vya Cook vimechukua utitiri kutoka Ghana kwa makusudi, waudhoofishe mti. Hapa ni nyumbani kwake na maadui wake wapo. Lakini mwenye ndugu ng'ambo asimtumie mbegu kama zawadi.

Na mwenye ploti ya futi 50 kwa 100? Usipande Nandi flame. Panda siala, ambayo Waluhya wanaiita lusiola. Taji lake ni jembamba, mzizi mkuu unaenda chini, mbao zinastahimili mchwa, maua ya njano yanakuja kwa wingi, na inakubali kupunguzwa bila kuoza ovyo. Mita 5 kutoka ukutani inatosha. Haipendi tu maji yaliyosimama.

La mwisho ni kwa waliorithi Nandi flame iliyosimama vibaya tayari, ubavuni mwa darasa au juu ya choo. Gonga shina kwa nyundo ya mbao kuanzia chini hadi unapofikia; sauti ya mtungi mtupu inaonyesha uozo. Tazama penye matawi yaliyokatwa zamani, uyoga unaotoka kwenye gome, na ardhi iliyopasuka upande mmoja wa shina. Ukiona lolote kati ya hayo karibu na watu, mti uondoke, ukatwe kwa vipande kutoka juu na fundi mwenye kamba, baada ya kupata kibali kwa ofisi husika. Kisiki kitachipua, na mizizi itachipua pia mita kadhaa mbali nacho. Usichome moto, hausaidii. Ng'oa kila chipukizi likiwa chini ya urefu wa goti, kwa kuvuta pamoja na kipande chake cha mzizi, kila baada ya wiki mbili au tatu, mpaka mizizi iishiwe na akiba. Ukiruka msimu mmoja wa mvua, unaanza upya.

Miche ya Nandi flame na siala iko pale kwenye mikeka, pamoja na flamboyanti mmoja katikati. Anzeni kwa kunionyesha flamboyanti ni upi.